Uliza Mkutubi: Ukingo wa kurasa hauongopi

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: kusoma kitabu chote au kusoma vipande. Nimezipanga pamoja na kuzifupisha. Mbili zilikuwa na matusi kwa waandishi, hizo nimezitia kapuni. Kwa msomaji mgeni wa safu hii: mimi ni mkutubi mstaafu, nilikaa kaunta ya maktaba ya mkoa kule Tanga mpaka nilipostaafu, na siku hizi naazimisha vitabu barazani kwangu bila muhuri.

SWALI

Shikamoo Bi Mkutubi. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Tuna kikundi cha kusoma, watu tisa, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu. Safari hii tulichagua kitabu cha historia ya nchi yetu, kurasa 400. Kwa zamu zangu za usiku sikuweza kukimaliza. Nilisoma sura tatu zinazohusu maradhi na hospitali wakati wa Wajerumani na Waingereza, nikazisoma kwa makini na kuandika maswali. Nilipoanza kuchangia, katibu wetu akanikatiza mbele za watu: "Kwanza umekimaliza?" Nikasema bado. Akasema asiyemaliza kitabu hajakisoma, kwa hiyo ninyamaze ninywe chai. Niliporudi nyumbani nikatazama rafu yangu: vitabu vingi nimeviacha katikati. Je, mimi ni msomaji au najidanganya?

Muuguzi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hiyo chai uliinywa? Maana chai ya kunyamazishiwa haishuki.

Nianze na kitu ambacho mtu wa kaunta hukiona na msomaji hakioni. Kitabu kikirudishwa, kishike mgongo wake uingie kiganjani, kisha tazama upande wa pili, ule ukingo ambako kurasa hufungukia. Vidole vya watu vina jasho na mafuta ya maandazi. Palipopita vidole pana rangi ya kahawia, pasipopita ni peupe pee. Kitabu kikiwa cha karatasi ya bei nafuu, waazimaji wachache tu wanatosha kukuonyesha safari yote ilivyokuwa. Riwaya nzuri huchafuka sawasawa toka jalada hadi jalada. Kumbukumbu za wakubwa wa siasa na vitabu vinene vya uchumi huwa na weusi robo ya kwanza, halafu weupe mtupu mpaka mwisho. Na kitabu chetu cha ufugaji wa kuku kilikuwa na mstari mmoja katikati, mwembamba, mweusi tii: sura ya mdondo na ndui. Wafugaji walikuja, wakafungua pale pale, wakanakili ratiba ya chanjo kwenye karatasi, wakakirudisha kabla ya jioni. Sijapata kumsikia mtu akiwaambia kwamba hawajasoma. Kuku waliobaki hai ni ushahidi wa kutosha.

Kwenye vitabu vya simu na vishikwambi hakuna jasho, lakini mambo ni yale yale. Mwaka 2014 mwanahisabati mmoja wa Marekani, Jordan Ellenberg, alifanya utani wenye hesabu ndani yake. Kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, wasomaji hupiga mistari maneno yaliyowapendeza, na yale yaliyopigwa mistari na wengi huonyeshwa hadharani. Ellenberg akachukua vifungu vitano vinavyoongoza katika kila kitabu, akatazama viko kurasa za wapi. Watu wakiwa wamefika mwisho, vifungu hivyo vitatapakaa kitabu kizima. Wakiwa wameishia njiani, vyote vitarundikana mwanzoni. Kitabu cha mwanafizikia Stephen Hawking kuhusu historia ya wakati, kilichotoka 1988 na kununuliwa kwa mamilioni, kilipata asilimia 6.6, yaani kwa wastani vifungu hivyo vilikuwa hapo tu toka mwanzo wa kitabu. Kile cha mchumi Thomas Piketty kuhusu mtaji, ambacho mwaka huo kila mwenye miwani alikuwa nacho kwapani, kilipata asilimia 2.4. Ellenberg mwenyewe alisema hiyo si sayansi. Mimi niliposoma habari hiyo niliuona ukingo wangu wa kahawia.

Na swali la katibu wenu ni la zamani. Mwaka 1773 kule London, Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, aliulizwa na mtu kuhusu kitabu kipya alichokuwa amekichungulia: kwani hukukisoma chote? Johnson hakupenda kubanwa. Akamrudishia: La, bwana, kwani wewe vitabu unavisoma mpaka mwisho? Hata sisi tuliosomea ukutubi Bagamoyo tulikaririshwa kanuni tano za Ranganathan wa India, za mwaka 1931: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Ya sita, kwamba kitabu lazima kimalizwe, hakuiandika.

Lakini sikuachii hapo. Hizo sura tatu ulizichaguaje? Nauliza kwa sababu kitabu cha historia hakikukatwa sura zake kwa ajili ya wauguzi. Chukua Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, ambavyo kitabu chochote cha historia yetu hakiviruki. Kwenye sura ya afya utakutana na njaa kubwa ya kusini na vifo vingi. Ukiishia hapo utadhani mvua haikunyesha. Sababu iko sura nyingine: jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ili watu washindwe kwa njaa, na waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Rudi nyuma tena, kwenye sura ya kilimo. Kuanzia 1902 watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira usioshika hata kibaba, na Julai 1905 kule Nandete, milima ya Matumbi, walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Anayesoma sura ya vita peke yake hukumbuka maji ya Kinjikitile, yule mganga aliyewaahidi watu kwamba risasi hazitawadhuru, basi, na pengine hucheka. Anayesoma sura ya afya peke yake hukumbuka njaa, na husikitika. Pamba hawaioni wote wawili.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua vipande, kaa na kitabu kizima nusu saa. Soma yaliyomo. Soma utangulizi, maana hapo ndipo mwandishi anaposema anagombana na nani. Pitia aya ya mwisho ya kila sura. Kisha nenda nyuma kwenye faharasa, ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo, utafute neno lako, kwako wewe "njaa" au "ndui", uone limetajwa kurasa zipi nje ya zile sura zako. Nusu saa hiyo ikipita utakuwa umechagua mwenyewe na unajua umeacha nini. Mbele ya katibu utasema: "Nimesoma sura ya 4, ya 7 na ya 9. Ya 5 sijaisoma, na nadhani jibu la swali langu liko humo. Nani ameisoma?" Hapo umechangia. Aliyemaliza kurasa 400 na hana swali hata moja, naye amefuata chai.

Tena kikundi chenu kina njia ambayo huku Pwani kila mtoto ameiona. Kwenye hitima, juzuu 30 hugawanywa, kila anayejua kusoma hushikishwa kijuzuu chake, na kabla ubwabwa haujaiva Kurani nzima imesomwa chini ya paa moja, ingawa hakuna aliyeisoma yote. Nyinyi ni tisa na kitabu ni kurasa 400: kila mtu kurasa 45 hivi. Utangulizi na sura ya mwisho msome wote. Kila mmoja aje na maelezo mafupi ya kipande chake na jambo moja asilolielewa. Kwa historia, siasa au mkusanyiko wa insha itawafaa sana. Riwaya msithubutu. Aliyepewa sura ya saba atafika hajui marehemu ni nani.

Kuhusu rafu yako: vile ulivyoviacha kwa sababu ulishapata ulichokifuata, vimekwisha, usivihesabu tena. Vilivyokuchosha, gawa. Vitabaki viwili vitatu ambavyo ulikuwa unavipenda na simu ikakunyang'anya. Hivyo virudie, na wala katibu hana haja ya kujua.

SWALI

Hujambo Bi Mkutubi? Kijana wangu yuko Kidato cha Tatu. Nimemnunulia vitabu teule vyote, riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Riwaya bado haijakunjwa hata ukurasa mmoja. Anachosoma ni mwongozo. Nikimuuliza ananiambia, "Baba, mwongozo una kila kitu: muhtasari, wahusika, maudhui, mbinu za lugha." Na alama zake si mbaya, muhula uliopita alipata B. Nimlazimishe kusoma kitabu chenyewe, au ni mimi niliyepitwa na wakati?

Mzazi, Kilifi

JIBU

Sijambo, mzazi mwenzangu. Huku kwetu Tanzania tunaviita vitabu vya uchambuzi, ugonjwa ni ule ule.

Mwongozo wenyewe hauna sumu. Wengi wanaouandika ni walimu wazuri, na mtoto aliyekwama kwenye jazanda au kejeli utamsaidia. Shida ni pale anaposoma chaguo la mtu mwingine akadhani amesoma kitabu. Muuguzi wa Morogoro aliruka kurasa akiwa na kitabu mkononi. Kijana wako karukiwa kurasa na mtu asiyemjua.

Tuanze na mtihani, maana najua ndio unaokuumiza kichwa. Kwenye karatasi ya fasihi mtahini huchomoa maneno ya mhusika na kuuliza: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Mtoto anatakiwa aseme nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kumetokea nini mpaka maneno hayo yakasemwa. Mwandishi wa mwongozo amechagua madondoo yake. Mtahini yeye hafungui mwongozo, anafungua riwaya, tena hufurahi akipata ukurasa ambao hakuna aliyeutarajia. Kijana anayetegemea mwongozo anaomba Mungu watu wawili wasiojuana wachague ukurasa mmoja. Muhula uliopita walichagua, akapata B.

Sasa tuache mtihani. Mwongozo utamwambia "mhusika huyu ni mnafiki" na kuweka namba ya ukurasa. Riwaya haifanyi hivyo. Riwaya humleta mtu huyo sebuleni amevaa vizuri, anasalimia wazee, analipia watoto karo, na wewe msomaji unampenda kurasa 60 nzima, halafu siku moja unamkuta kwenye mlango ambao hakutakiwa kuwa. Unakasirika kwa sababu umedanganywa pamoja na wahusika wengine. Hasira hiyo ndiyo iliyomkesheza mwandishi. Aliyesoma neno "mnafiki" kwenye orodha ya wahusika hakudanganywa na mtu, kwa hiyo hakujifunza kumtambua mnafiki wa mtaani kwake.

Kipo kitabu kilichoteswa sana na wasomaji wa vipande: *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikaja kufundishwa mashuleni humo humo. Nakala ya kaunta yangu ilikuwa ukiilaza mezani inajifungua yenyewe mahali fulani, na hukuhitaji kuuliza kwa nini. Waliokiazima kwa ajili ya kurasa hizo walikirudisha kesho yake, wengine wakicheka na wengine wakisema ni kitabu kichafu. Waliokisoma chote walikutana na baba mlevi anayelea kwa kipigo, na binti asiyejua kujichunga kwa sababu alizoea kuchungwa, na mwisho mchungu ambao hauchekeshi mtu. Hao hawakukirudisha wakicheka.

Usimlazimishe kwa fimbo. Keti naye usiku mmoja, soma sura ya kwanza kwa sauti wewe mwenyewe, hata kama unakosea matamshi, na ukifika mahali pamepamba moto funga kitabu uende kulala. Sisi tuliokulia hadithi za magazetini tunajua neno "Itaendelea" linavyomfanya mtu aamke mapema. Riwaya ya kurasa 200 kwa kurasa 15 kila jioni ni wiki mbili. Akishamaliza, mrudishie mwongozo wake. Atagundua mambo ambayo mwandishi wa mwongozo hakuyaona, na siku hiyo, baba, jiandae kusikiliza.

SWALI

Shikamoo Bi. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, Dodoma. Kwetu mhadhiri anatoa sura moja ya kitabu, tunaipeleka steshenari tunatoa kopi, darasa zima tunasoma desa hilo hilo. Nimepiga hesabu: tangu nimeingia chuo sijasoma kitabu kizima hata kimoja cha fani yangu, na nitahitimu. Nina kosa?

Mwanachuo, Dodoma

JIBU

Marahaba. Kosa si lako peke yako. Kitabu kikiwa nakala moja na darasa likiwa watu mia mbili, mhadhiri angefanya nini? Lakini nimewaona wenzako kaunta. Kijana anakuja mbio, kesho ana mtihani: "Samahani mama, naomba kile kitabu cha sura ya nne." Mwandishi? Hajui. Jina? Hajui. Rangi ya jalada? Hajawahi kuliona.

Desa ndilo linalofanya hivyo. Kopi hutolewa kuanzia ukurasa wa 83 mpaka 112, jina la kitabu limebaki steshenari, mwaka wa kuchapwa umebaki steshenari. Unasoma sera ya elimu bila kujua imeandikwa kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967, na unajibu mtihani kana kwamba ni habari ya jana. Kwa hiyo kila desa utakalotoa, toa pia kopi ya ukurasa wa jina, ukurasa wa nyuma yake wenye mwaka, na yaliyomo. Kurasa tatu hizo bei yake haifiki soda.

Halafu jiulize kwa nini mhadhiri alichagua sura hiyo. Mara nyingi ni kwa sababu anakubaliana nayo. Ukiyaona yaliyomo, tafuta sura inayoonekana kubishana na ile uliyopewa, uisome hiyo bila kuagizwa na mtu. Maswali yako ya semina yatabadilika, na mhadhiri naye atakukumbuka jina.

Na kabla hujavaa joho, chagua kitabu kimoja cha fani yako, kile ambacho kila desa linakitaja, ukisome toka dibaji mpaka faharasa. Kimoja tu. Utaona mwandishi akijirekebisha: anadai jambo sura ya pili, analilegeza sura ya sita, na mwishoni anakiri hana hakika. Desa la sura ya pili halikukuambia hilo.

SWALI

Bi Mkutubi, Bwana Yesu asifiwe. Kila Januari naanza Biblia kutoka Mwanzo nikiwa na nia ya kuimaliza kwa mwaka mmoja. Kila mwaka naishia Mambo ya Walawi. Nifanyeje?

Mama wa Kikristo, Iringa

JIBU

Salamu nimezipokea, mama. La imani muulize mchungaji wako, mimi ni Mwislamu na mipaka yangu naijua. La kitabu naweza kusema.

Unayemfuata hapo ni fundi jalada. Biblia yako ni vitabu 66 vilivyojalidiwa pamoja, 73 kwa Wakatoliki, na hakuna anayeingia maktaba akasoma rafu kutoka kushoto kwenda kulia. Kuna sheria, kuna nyimbo, kuna barua, kuna hesabu ya watu kabila kwa kabila. Jumla ni sura 1,189, kwa hiyo hata sura tatu kwa siku hazitoshi kuimaliza kwa mwaka, siku nyingine lazima nne. Ukikosa wiki moja kwa msiba unadaiwa zaidi ya sura 20, na mdaiwa hukimbia. Wakatoliki wenyewe masomo yao ya Jumapili wameyapanga kwa mzunguko wa miaka mitatu, mwaka A, B na C. Sisi nasi watoto chuoni huanza na Juzuu Amma, ambayo ni ya 30, ya mwisho kabisa, kwa sababu sura zake ni fupi.

Januari ijayo anza na Marko, ambayo ndiyo fupi kati ya Injili nne, kisha Ruthu yenye sura nne tu. Walawi isome baada ya Waraka kwa Waebrania, unaozungumza habari za makuhani na sadaka. Utakuwa na sababu ya kuifungua.

SWALI

Asalaam alaikum. Ni dereva huku Sharjah, asili yangu Mombasa. Nina programu ya simu inayotoa muhtasari wa vitabu, kila kimoja dakika 15. Mwaka huu nimeshamaliza zaidi ya vitabu 100, vingi vya biashara na kujiendeleza. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja anasema sijasoma hata kimoja. Tuamulie.

Dereva, Sharjah

JIBU

Waalaikum salaam. Rafiki yako kashinda, lakini usinune.

Vitabu hivyo vya kujiendeleza, nikisema kweli ya kaunta, vingi vilikuwa na maneno ya dakika 15 tangu mwanzo. Mchapishaji alitaka kurasa 250, mwandishi akaongeza visa vya watu waliofanikiwa. Ukisikiliza dakika 15 hukupoteza kikubwa. Ila sema "nimesikia habari zake", maana kuna mtu alikaa akasoma, akachagua la kukuambia, na la kuacha akaacha bila kukuuliza. Unachokijua ni anachokijua yeye.

Lakini wewe una kitu ambacho muuguzi wa Morogoro angekilipia: saa nzima nzima barabarani na masikio yasiyo na kazi. Vitabu vya kusikiliza vilivyosomwa vizima, neno kwa neno, vipo. Riwaya ya saa 10 utaimaliza kwa siku chache za foleni. Chukua kimoja katika hivyo 100, kile ambacho muhtasari wake ulikufanya uongeze sauti, ukisikilize kizima. Kisha mhadithie huyo wa chumbani. Ukiona unamhadithia mambo ambayo hayakuwemo kwenye zile dakika 15, ubishi umekwisha.

SWALI

Bi Mkutubi, mimi mzee wa miaka 71, nimestaafu, sasa nina wakati wa kusoma. Naazima, napelekewa na wajukuu, nanunua. Lakini tulivyolelewa sisi, ukianza kitabu ni kama umeanza sahani ya wali, hukiachi. Nimekwama na riwaya moja tangu mwezi wa Shaaban, naichukia, na vingine vinanisubiri. Niiache ukurasa wa ngapi bila ya kuonekana mvivu? Pili, mke wangu husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Mkanye.

Mzee, Ng'ambo, Unguja

JIBU

Mzee wangu, nakuamkia. Mkutubi mwenzetu wa Seattle, Marekani, Nancy Pearl, ameweka kanuni ambayo wakutubi wengi tunaitumia. Kitabu kipe kurasa 50. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Kwako wewe ni 29. Na mtu akifika miaka 100, anasema Pearl, ana ruhusa ya kukihukumu kitabu kwa jalada lake. Mimi naipenda kwa sababu inamheshimu mtu mzima: kadiri ulivyoishi, ndivyo unavyotambua mapema.

Kwa vitabu vyetu naongeza kidogo. Ukisoma tenzi usizihesabu beti za mwanzo, zile za kumshukuru Mola, kumswalia Mtume na kuagiza karatasi na wino, hiyo ni adabu ya mlango, hadithi bado. Riwaya za zamani nazo huanza kwa kuueleza mji, upepo na minazi yake. Zipe kurasa kumi zaidi. Na kitabu alichokupa mtu unayeyaamini maneno yake kipe mpaka nusu, si kwa ajili ya kitabu, kwa ajili yake. Hiyo ya tangu Shaaban kama haimo katika hizo, irudishe leo alasiri. Wala usimpe mwingine kwa kumwambia "si nzuri". Mwambie umeishia wapi, basi. Pengine yeye ndiye msomaji wake.

Ama kuhusu bibi, simkanyi. Anataka kujua nani atakufa ili ajue ampende nani. Wako wasomaji wengi wa namna hiyo, na ukingo wa kurasa zao nimeuona: mwanzo kahawia, mwisho kahawia, na katikati kahawia vilevile, maana wakishajua mwisho husoma kwa raha bila ya haraka. Umwombe tu asikusimulie mezani.

Mwezi ujao nitajibu walioazimisha vitabu visirudi. Barua za hilo zimeshanitosha, msitume nyingine. Tumeni vitabu vya watu.